Njiwa wenye macho mekundu: ni ugonjwa au ndivyo walivyo?

MfugajiNkuhungu:
Mbukwenyi wakuu. Nina njiwa 14 bandani, hawa wa kawaida wa kijivu na weupe. Jumamosi kijana mmoja kanijia na wawili ndani ya tenga, kasema ni mbegu ya Afrika Kusini. Nikatoa elfu 30 bila hata kuomba punguzo. Sasa macho yao yamezungukwa na ngozi tupu nyekundu, kama wamechubuka. Nimewapaka dawa ya macho ya tyubu siku tatu, wekundu uko palepale, na wakiniona tu wanajigonga kwenye wavu. Mgongo ni rangi ya tofali la kuchoma, mabawani wana madoa meupe. Nisije nikaambukiza banda zima. Ushauri tafadhali.

Kibarua77:
Hao tetere mkuu. Umepigwa.

JabaliLaMlimwa:
Kupigwa kapigwa, ila tetere si hao. Tetere ni mdogo, mwembamba, na ana kipande cheusi nyuma ya shingo kama kola. Wako ni njiwa pori wa majabalini. Mimi nimekulia chini ya mawe haya, tulikuwa tunapanda kuchungulia viota vyao kwenye nyufa. Siku hizi wamehamia hata kwenye kenchi za nyumba, maana kwao ukuta na jabali ni kitu kimoja. Ule wekundu ndivyo walivyoumbwa, acha kuwapaka dawa, unawatesa bure.

MamaKaranga:
Mimi kipindi cha kuanika karanga nawajua kwa sauti kabla sijawaona. Wa kufuga ananguruma kooni, kuruu-kuruu, huku anazunguka jike. Huyu wa porini anaanza chini, duu duu duu duu, anapanda mpaka kichwa kinauma. Saa kumi na mbili asubuhi juu ya bati langu!

MfugajiNkuhungu:
Kwa hiyo nikiona jicho jekundu nijue ni wa porini, basi?

JabaliLaMlimwa:
Hapana, hapo ndipo wengi wanakosea. Kinda lake bado halina ule wekundu, jicho limezungukwa na rangi iliyofifia tu. Na usiamini rangi ya mwili peke yake, njiwa manga wa kufuga ana kila rangi, hata wa kahawia wapo. Mshike, fungua bawa taratibu. Wa porini ana madoa meupe ya pembetatu yaliyotawanyika kwenye kahawia, kama mtu karusha unga wa uwele kwa vidole. Wa kufuga yule wa kijivu ana mistari miwili myeusi inayokatiza bawa. Kisha geukia shingo: wa kufuga inang'aa kijani na zambarau kama mafuta yaliyomwagika majini, wa porini ina michirizi ya kahawia na kijivu, haina mng'ao ule.

BwanaMifugo_Ipagala:
Nyongeza mbili. Ndege yeyote mgeni mtenge kwanza, usimwingize bandani siku hiyohiyo, ugonjwa wa kideri haubishi hodi. Pili, hao wawili wanaweza kuzaliana na wa kwako, mahuluti yameshaonekana, kwa hiyo usishangae ukipata makinda yasiyofanana na baba wala mama. Na kumkamata ndege wa porini kunahitaji kibali, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ipo. Waachie tu.

Kibarua77:
Na elfu 30 je?

MfugajiNkuhungu:
Mrejesho. Nimefungua bawa: madoa ya pembetatu, mistari hakuna. Jioni nikaacha mlango wazi. Mmoja karuka moja kwa moja upande wa mlimani, mwingine katua kwenye bati la jirani, kanitazama na lile jicho lake kama ninamdai. Leo asubuhi wamerudi wote wawili, na wameleta wa tatu, wanakula mtama wangu uani na hawa wa kufuga. Kijana wa tenga simu yake haipatikani.