Mrejesho: matumbawe yaliyokuwa yakibanduka nyama

Niliuliza kwa nini matumbawe ninayofuga kwenye tangi, yenye minyiri mirefu, yamejikunja, na upande mmoja nyama inabanduka hadi mfupa unaonekana, ilhali vipimo vya maji ni vizuri. Mliosema mkondo wa pampu inayozungusha maji unayapiga moja kwa moja mlipatia. Nimeigeuza pampu ielekee kioo, maji yagonge na kutawanyika, kisha nikaongeza nyingine upande wa pili, zinapokezana. (Mara ya kwanza niliiinamisha mno, mchanga ukatimka tangi zima. Sikulala mapema!) Siku ya tatu minyiri ilitoka, sasa inayumba huku na huku badala ya kulazwa upande mmoja. Hata uchafu uliotuama nyuma ya mawe umepungua. Kidonda hakijafunga, ila hakiongezeki. Asanteni sana.