Naomba ushauri: kaka zangu wanataka nyumba ya urithi iuzwe, dada yetu anaishi humo

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Wazazi wetu walituachia nyumba moja sisi watoto wanne, na ingawa msimamizi wa mirathi ameshateuliwa, hati bado ina jina la marehemu baba. Kaka zangu wawili wanataka iuzwe ili kila mmoja achukue chake, ilhali dada yetu mkubwa, aliyemuuguza mama hadi mwisho na ambaye bado analala katika chumba kile kile kilichopakana na cha mama, hataki hata kusikia habari za mnunuzi. Kwa kweli wote wana haki, na hilo ndilo linaloniumiza.

Nimependekeza nyumba ithaminiwe na mthamini asiye na upande, kisha dada anunue hisa zetu kwa awamu. Kaka mmoja amekubali. Mwingine ametishia kwenda mahakamani kuomba amri ya kuuza. Je, makubaliano hayo yaandikwe vipi ili dada asifukuzwe, na kaka nao walindwe endapo malipo yatakwama? Na fedha alizotumia kukarabati paa, ambazo stakabadhi zake zote amezihifadhi kwenye bahasha, arudishiwe kabla ya mgawanyo, au zihesabiwe kuwa kodi yake ya kuishi humo?