Ajira za kijani Mwanza: pesa iende kwenye madarasa au kwa mafundi walioko mtaani?

Wadau, salaam. Siku hizi hapa Mwanza wimbo ni ajira za kijani: sola, pampu, majisafi. Siupingi. Ninachobisha ni hii imani kwamba tukishajenga madarasa na kununua paneli za kufundishia, ajira zitakuja zenyewe.

Kilichonifanya nilete mada ni hiki. Kijijini kwetu, mwambaoni, tuna mradi wa maji wa sola, tenki liko juu ya jiwe. Mwaka wa pili pampu ikagoma. Kila mtu akasema inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa paneli, imekufa. Aliyeifunga hapokei simu. Tuna vijana wawili waliosomea umeme, vyeti wanavyo, ila walifundishwa kutandaza waya nyumbani. Pampu ya sola hawajawahi kuigusa. Miezi mitatu akina mama wakarudi kuchota ziwani, kwenye kichocho. Mtaalamu akatoka Dar es Salaam, akapanda tenkini, akakuta boya la swichi limenasa, mtambo unadhani tenki limejaa. Nusu saa akamaliza. Nauli na posho yake sitaki hata kuzitaja.

Pesa ya mafunzo ipo. Mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 10 hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo tangu 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara. Kwa miaka mingi theluthi moja imekuwa ikienda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, theluthi mbili mikopo ya elimu ya juu. Hoja yangu: sehemu yake imlipe posho kijana akae miezi sita chini ya fundi, kwenye pampu inayofanya kazi, kisha apimwe. MWAUWASA (mamlaka ya maji ya Mwanza), RUWASA (wakala wa maji vijijini) na vyombo vya maji vya vijiji watoe nafasi. Nipingeni.

Mwajiri, Nyakato:
Tozo nalipa kila mwezi, sijawahi kuona kijana hata mmoja aliyetokana nayo. Sasa unataka nimchukue akajifunzie kwangu. Akiunguza mota, analipa nani? Wewe?

Mwalimu wa ufundi:
Mleta mada, umemwona fundi mmoja mzuri ukadhani wote wako hivyo. Fundi wa mtaani anajua kufunga, hajui kwa nini. Paneli hazizimiki kama umeme wa gridi: jua likiwaka zinazalisha, hata ukizima swichi kuu. Ukiziunga mfululizo volti zinajumlishwa, na nimeshaona mtu akishika nyaya hizo kama anashika za redio. Hilo hufundishi kwa kubeba spana nyuma ya mtu. Shida yetu karakana ni wanafunzi arobaini kuzunguka pampu moja. Ukituondolea pesa, watazunguka picha ya pampu.

Fundi bomba, Igoma:
Mbona mnaongelea sola tu? Mtambo wa kusafisha maji wa Butimba una uwezo wa lita milioni 48 kwa siku. Mji wetu ni milima na mawe: ukisukuma maji yamfikie aliye juu, aliye bondeni bomba linapasuka. Kuziba uvujaji usiku ndiyo kazi ya kijani, ingawa haina picha nzuri. Miaka 14 nafanya hii kazi, cheti sina. VETA wanarasimisha ujuzi, najua, ila nikikaa darasani siku tano nyumbani wanakula nini?

Dada wa Ukara:
Huku kisiwani umeme wa sola wa kijiji ulianza 2016, na wavuvi wa dagaa wengi wameacha karabai, wanatumia taa za betri. Wanaozitengeneza zikiharibika ni vijana waliojifunza kwa kufungua na kuharibu. Betri zilizokufa zinatupwa mchangani, mita chache kutoka majini. Fundi wa kukusanya betri mbovu mtamsomesha wapi? Na wasichana msitusahau. Nilikuwa peke yangu kwenye kozi, na kila mgeni aliyeingia alidhani nimeleta chai.

Mleta mada:
Mwalimu, la paneli nakubali. Miezi miwili darasani kwanza, ndipo nje. Mwajiri, swali lako ni la haki: tozo hiyohiyo ikate bima ya vifaa vya mafunzo, maana vinginevyo hakuna atakayefungua geti. Mkuu wa Igoma, ndiyo maana nasema posho. Madarasa hayali, watu wanakula. Dada, la betri sikuliwaza kabisa.

Ila kuna jambo limenisumbua tangu nianze kuandika. Jana nimempigia mhasibu wa chombo chetu cha maji kumuuliza, wale vijana wetu wawili wakirudi wamefuzu pampu, watalipwa kutoka wapi? Akafungua daftari. Kuna pesa ya akiba ya kununua pampu nyingine. Ya kumlipa fundi kila mwezi haimo.

Anayejua kijiji ambacho imo, atuambie wanaitoaje.