Zulia la kulabu linajikunja, na nyanya za mwisho hazitaki kuiva

MamaLanet:
Hamjambo wenzangu. Ninatengeneza zulia dogo la kulabu juu ya gunia la juti lililokuwa la kahawa, kwa vipande vya sweta za sufu nilizonunua mitumbani hapa Nakuru, na katikati nimechora shada la nyanya. Shada limekamilika, ila kila nikilitoa zulia kwenye fremu sehemu hiyo inavimba na kingo zinajikunja, ilhali eneo la kahawia linalolizunguka limelala vizuri. Je, pasi itatosha, au nifumue?

La pili ni nyanya zenyewe. Cal J nilizopanda Machi zilizaa vyema, lakini sasa Julai inakwisha na zilizobaki ni za kijani tu, huku majani ya chini yakitokea mabaka ya kahawia. Nizichume au nizingojee?

FundiKisumu:
Mama, kuvimba huko kunatokana na msongamano. Yaelekea katika shada umevuta kitanzi kwenye kila tundu la gunia, kwa kuwa maumbo madogo humshawishi mtu kujaza, na sufu ikikosa nafasi huinuka. Vitanzi vinapaswa kugusana bila kusukumana, kwa hiyo ruka tundu moja hapa na pale, hasa ikiwa vipande vyako vina upana wa milimita 6 au zaidi. Kwa bahati nzuri kazi hii haina fundo: vuta ncha ya kipande na vitanzi vitatoka vyote, kisha ukwaruze gunia kwa ukucha ili matundu yarudi mahali pake. Mimi ningefumua kila mstari wa tatu ndani ya shada na kuacha mingine ijitanue, halafu ndipo nichukue kitambaa chenye unyevu na pasi ya moto, nikandamize upande wa nyuma bila kuiburuta, na kuliacha zulia likauke likiwa limelala.

Kabla ya pasi, hakikisha sweta zote ni sufu kweli. Choma uzi mmoja: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika, lakini akriliki huyeyuka ikawa shanga ngumu, na pasi ingeiharibu vivyo hivyo.

MkulimaNjoro:
Kuhusu nyanya, dada, tazama kwanza mabaka hayo. Yakiwa na duara ndani ya duara, hiyo ni bakajani ya mapema. Ondoa majani yaliyoathirika na usiwe na haraka. Yakiwa makubwa, kama yaliyoloweshwa maji, na asubuhi ukaona ukungu mweupe chini ya jani, hiyo ni bakajani chelewa, ileile inayomaliza viazi vya huku kwetu, na hapo chuma zote leo hii.

Hata bila ugonjwa, baridi ya usiku wa Julai inachelewesha kuiva, kwa maana nyanya hukaribia kusimama kabisa joto likishuka chini ya nyuzi 10. Kata moja kwa kisu kikali. Mbegu zikiteleza ndani ya utelezi bila kukatwa, nyenzake za ukubwa huo zimekomaa na zitaiva ndani ya nyumba, katika kasha la karatasi pamoja na ndizi mbivu, kwa sababu ndizi hutoa gesi ya ethilini. Dirishani hakuna faida, kwani hazihitaji mwanga. Zikague kila siku, na yenye doa iondoke.

MamaLanet:
Asanteni sana. Kisu kimepita bila kukata mbegu, na mabaka ni ya duara, kwa hiyo kubwa zimeingia kashani na ndogo nitazikaanga na vitunguu. Nimeanza pia kufumua, na shada tayari linalegea. Swali moja limebaki: sweta nyekundu inaweza kuchuja rangi nikikandamiza kwa kitambaa chenye unyevu?

FundiKisumu:
Inaweza. Lowesha kipande kimoja, ukikandamize kwa pasi juu ya kitambaa cheupe. Kitambaa kikipata wekundu, suuza sweta yote iliyobaki hadi maji yawe meupe, na zile nyekundu zilizokwisha kuingia kwenye zulia uzibadilishe sasa, maadamu unafumua.