Je, mkaa wa vifuu vya nazi unaweza kuzuia gesi ya sumu?

Mwalimu wa Kemia, Lamu

Assalamu alaikum. Ninafundisha kemia katika shule ya sekondari hapa Lamu. Wiki iliyopita niliwaeleza wanafunzi kwamba klorini, ambayo sisi tunaijua kwa kusafishia maji, ndiyo gesi ambayo Wajerumani waliifungulia kutoka kwenye mitungi karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, na kwamba kinga iliyokuja kuvishinda vitambaa vilivyoloweshwa dawa ilikuwa mkaa, ukiwamo wa vifuu vya nazi. Kijana mmoja, ambaye mamake hukaanga mahamri kila alfajiri kwa moto wa vifuu, alisimama akauliza kwa nini basi mkaa unaobaki chini ya karai usitiwe kwenye barakoa. Darasa zima lilicheka, nami sikuwa na jibu la kutosha. Walitaka pia kujua vifaa vya kutambulia sumu hizi hujuaje kwamba kilichomo hewani ni sarini, yaani sumu ya vita inayoshambulia neva, na si moshi wa udi. Naomba mwenye ujuzi anieleze kwa namna ambayo kidato cha tatu wataifahamu.

Bi Maabara, Malindi

Waalaikumu salaam, Mwalimu. Kijana huyo hakustahili kuchekwa, kwa sababu kifuu ni miongoni mwa malighafi bora zaidi za mkaa wa barakoa hadi leo. Tatizo ni kwamba mkaa wa jikoni vinyweleo vyake ni vichache na vingi vimezibwa na lami ya moshi. Ili ufae, hupitishiwa mvuke wa maji kwenye joto la nyuzi 800 hadi 900 hivi za selsiasi. Mvuke huo huula mkaa kwa ndani na kufungua vijitundu visivyohesabika, hata gramu 1 ikawa na kuta zenye eneo la mita za mraba 1,000 hivi. Kwa hesabu hiyo, gramu 7 zatosha kuutandika uwanja wa mpira.

Wanafunzi wasidhani kwamba mkaa huchuja kama kifumbu kinavyozuia machicha. Chembe za sumu ni ndogo mno kuzuiwa hivyo. Hunata kwenye kuta za vijitundu kama ndege kwenye ulimbo. Ndiyo maana chembe nzito, kama za sarini, hunaswa vizuri, ilhali sianidi ya hidrojeni, ambayo ni nyepesi, huponyoka, na kwa ajili yake mkaa wa kijeshi hutiwa misombo ya shaba, fedha na zinki ili sumu ibadilike kikemia. Monoksidi ya kaboni haizuiliki kabisa kwa mkaa wa kawaida, kwa hiyo tafadhali asijaribu mtu kujitengenezea barakoa nyumbani. Tena unyevu wa pwani yetu hushindania nafasi zile zile, na hii ni sababu mojawapo ya vichujio kufungwa kabisa hadi siku ya kutumika.

Kuhusu utambuzi, nianze na njia ninayoipenda. Sarini ni ndugu wa baadhi ya dawa za kuulia wadudu. Gerhard Schrader, mkemia wa Ujerumani, alikuwa akitafuta dawa ya wadudu alipoipata tabuni, sumu ya jamii hiyo hiyo, mwaka 1936, na sarini ikafuata mwaka 1938. Zote hukizuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayopeleka amri za neva kwenye misuli, na misuli, ikiwamo ya kupumulia, hukosa amri ya kutulia. Watafiti wamekipaka kimeng'enya hicho kwenye kijikaratasi: kikiwa hai, rangi ya buluu hutokea, rangi isipotokea, kuna kitu kimekizuia. Msomaji asiyezoea hukosea hapo, kwani rangi ndiyo salama na weupe ndio hatari. Hata hivyo karatasi hiyo haiwezi kutofautisha sarini na dawa iliyobaki kwenye bomba la mkulima.

Mzee wa Shela

Mwalimu, niliwahi kufunzwa kutumia kifaa cha mkononi nilipokuwa katika kazi ya usalama wa meli. Hufyonza hewa, huzitia chembe chaji ya umeme, kisha huzishindanisha ndani ya bomba fupi. Fikiria mashindano ya mashua: iliyo nyepesi na nyembamba hutangulia, na kifaa hutambua jina kwa muda wa kufika. Lakini mashua mbili za umbo moja hufika pamoja. Siku ya mazoezi chetu kilipiga kelele za gesi ya haradali, sumu ya vita inayobabua ngozi, tukatoka mbio, kumbe mwenzetu alikuwa amejichua bega kwa dawa ya misuli. Baadaye nilijifunza kwamba metili salisilati, ile inayonukia kwenye dawa hizo, ndiyo hasa hutumiwa na watafiti badala ya haradali wanapopima kama mavazi ya kinga yanavuja.

Kwa hiyo udi na marashi vyaweza kukidanganya kifaa. Uthibitisho hutoka maabara, kwa kromatografia ya gesi, inayotenganisha vilivyochanganyika, ikiambatana na spektrometa ya masi, inayopima uzito wa chembe, na shirika la kupiga marufuku silaha za kemikali, lenye makao The Hague, hupeleka sampuli kwa zaidi ya maabara moja.

Mwalimu wa Kemia, Lamu

Nawashukuru nyote. Swali la mwisho, la msichana wa dawati la mbele: punda wetu nao wangefanyiwaje?

Bi Maabara, Malindi

Mwambie kwamba farasi na nyumbu walivalishwa barakoa zao katika ile Vita ya Kwanza ya Dunia. Kwa binadamu na mnyama pia, jambo la haraka ni kuondoa sumu mwilini. Baada ya shambulio la sarini katika treni za Tokyo, tarehe 20 Machi 1995, zaidi ya wahudumu 100 wa hospitali moja walipata dalili kutokana na mvuke uliotoka kwenye nguo za wagonjwa, ambao waliingizwa ndani bila kuvuliwa. Kuvua nguo hakuhitaji kifaa chochote, na ndiko kunakotangulia atropini, ambayo ni dawa ya kupinga sumu hizi, na maji na sabuni.

Mzee wa Shela

Naye punda, Bi, hana nguo ya kuvua. Ataogeshwa baharini kama kawaida yake.