Karate, judo, taekwondo: mbona wote wamevaa nyeupe?

Bi wa Langoni

Assalam alaykum. Binti yangu ana miaka 12 na hanipi nafasi ya kupumua, anataka "karate". Hapa Lamu kuna kijana anayefundisha jioni kwenye ukumbi wa shule, lakini yeye anasema yake ni taekwondo. Mjomba wa mtoto yuko Malindi na mtaani kwake kuna darasa la judo, angeweza kwenda likizo. Kaka yake naye anashinda kwenye simu akitazama jiu-jitsu ya Brazili na kutuambia hizo nyingine ni mchezo wa watoto. Mimi nikiangalia naona nguo nyeupe na mikanda tu. Tofauti ni nini hasa, na kila mmoja umetoka wapi? Mtoto anavaa hijabu, na baba yake hataki kusikia habari ya kubwagwa chini. Nijibuni nielewe.

kijana_wa_gatini

Dada, zote ni za mama mmoja. Bodhidharma alitoka India akaingia hekalu la Shaolin kule China, akawafundisha watawa, ikawa kung fu, kisha ikasambaa Japani na Korea. Mpeleke popote, atafika palepale.

Fundi Cherehani, Malindi

Kijana, hekalu la Shaolin lipo kweli, mkoa wa Henan, na watawa wake walisifika kwa mapigano ya fimbo hadi karne ya 16 wakachukuliwa kwenda kupambana na maharamia wa baharini. Lakini hiyo ya Bodhidharma kuwa baba wa yote ni soga za barazani, zilitungwa karne nyingi baada ya mtu mwenyewe kufa.

Bi, mimi si mwalimu. Kazi yangu ni cherehani, na watoto wa madarasa haya ndio wananiletea nguo zao niwashonee au nizitie viraka. Basi nitakujibu kwa nguo, maana mwalimu atausifu mchezo wake lakini mshono uliofumuka hauna upande.

Koti la judo ni zito, limefumwa punje punje, na kola yake imekunjwa na kupigwa mishono mingi mpaka inakuwa ngumu. Bila sindano namba 18 hupenyi. Likiletwa kwangu huwa limeachia kwapani au pale bega linapokutana na mkono, kwa sababu judo yote ni kushika kola na mkono wa koti, kuvuta, kuyumbisha, kuangusha. Aliyeipanga hivyo ni Kano Jigoro, Tokyo, 1882. Alichukua jujutsu, mitindo ya zamani ya mapambano ya Kijapani, akaziondoa ngumi na mateke kwenye mapambano ya mazoezi, ili watu wakabane kwa nguvu zao zote kila siku na kesho yake waamke wazima. Hapo ndipo ubora wake ulipo. Anayekuzuia hakuzuii kwa adabu.

Nguo ya karate ni nyepesi, drili tu, na huchanika msamba. Hakuna anayekuvuta, wewe mwenyewe ndiye unayeinyoosha kwa kutanua miguu. Asili yake ni Okinawa, visiwa vilivyokuwa ufalme wa kibiashara baina ya China na Japani. Watu wa Lamu hili hamhitaji kuelezwa, penye bandari kila kitu hushuka na mzigo. Higaonna Kanryo alikwenda Fuzhou, China, akajifunza huko, akarudi Naha, mji wa Okinawa, kufundisha, na mwanafunzi wake Miyagi Chojun ndiye aliyeanzisha mtindo wa karate wa Goju-ryu, wa kupigana karibu karibu na kuvuta pumzi kwa nguvu. Funakoshi Gichin yeye aliipeleka karate Tokyo mwaka 1922, na Kano huyohuyo akamwalika aioneshe kwake. Mtindo uliotokana naye, Shotokan, unasimama chini, miguu mbali, ngumi imenyooka. Na sare nyeupe pamoja na mkanda karate iliichukua kwa judo, ikapunguza uzito wa kitambaa tu. Ndiyo maana unawaona wote sawa.

Taekwondo utaitambua kwa shingo. Blauzi yake ina shingo ya V, inavaliwa kwa kichwa, haifunguki mbele. Wakorea watakuambia ina miaka 2,000. Sawa, Korea ilikuwa na michezo yake ya mateke tangu zamani, lakini nchi ilikuwa chini ya Wajapani kuanzia 1910 hadi 1945, na vijana waliokwenda kusoma Japani, akiwemo Choi Hong Hi, mmoja wa waasisi wa taekwondo, walirudi na karate. Jina la taekwondo lilipitishwa 1955. Kilichoibadilisha hasa ni hesabu ya pointi: ngumi ya kifuani pointi 1, teke la mwilini 2, la kichwani 3, na ngumi ya uso hairuhusiwi. Sasa wewe ungetupa ngumi za nini? Watoto wake wana miguu ya ajabu, na mikono wameiachia inaning'inia.

Ya Brazili ni judo iliyokaa chini. Maeda Mitsuyo, mtu wa Kano, alifika huko 1914, akamfundisha Carlos Gracie, na ukoo huo ukashikilia mapambano ya sakafuni. Suruali zao huniletea zimeisha magotini. Mwambie kaka mtu asidharau, anachokitazama ni mjukuu wa judo.

Kuhusu baba: somo la kwanza la judo ni kuanguka. Mtoto anayepanda ngazi za mawe za nyumba za Lamu na kupishana na punda vichochoroni, somo hilo litamfaa kabla ya teke lolote. Ila bila magodoro mazuri asithubutu, sakafu ya simenti haina huruma.

Mzee wa Mkomani

Fundi umesema vyema, lakini mbona mnavuka bahari nzima mkaruka kirumbizi? Wakati wa Maulidi duara linafungwa, ngoma na zumari, wawili wanaingia na fimbo. Mwenye macho haangalii fimbo, anaangalia miguu: nani anaijua nafasi yake, nani anajua kuingia ngoma inapogeuka. Capoeira si hivyohivyo? Watumwa kutoka Afrika waliicheza Brazili ndani ya duara, kwa ngoma na berimbau, upinde wa muziki wenye uzi mmoja, sheria ya 1890 ikaipiga marufuku, na 2014 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Yetu inaitwa ngoma ya harusi, basi.

Fundi Cherehani, Malindi

Mzee wangu, shikamoo. Hilo sibishi. Kirumbizi hakijaniletea kazi, mtu anaingia na kikoi chake anatoka nacho mzima, labda ndiyo sababu nilikisahau. Lakini vijana waliokulia kwenye fimbo nimewaona wakiingia taekwondo, kupima umbali hawahitaji kufundishwa.

Bi wa Langoni

Shikamoo mzee, na fundi ahsante sana. Baba mtu nimemsomea, ameguna tu, na kwake kuguna si kukataa. Sasa judo ya Malindi ni ya likizo pekee, taekwondo ipo hapa mlangoni. Na hijabu je? Nguo ninunue au nishonee?

Fundi Cherehani, Malindi

Basi taekwondo. Mchezo wa jirani anaoufanya mara tatu kwa wiki unamjenga kuliko wa likizo. Hijabu inaruhusiwa hata kwenye mashindano, inakaa chini ya helmeti. Mshonee ya kitambaa cha kuvutika, isiyo na pini, pini ni hatari. Na kabla hujalipa, kaa ukutani siku moja utazame: kama wanarusha mateke hewani tu bila kupiga ngao ya mazoezi au kupambana na mwenzao, muulize mwalimu lini wataanza.

Nguo usinunue mwezi wa kwanza, trakisuti inatosha. Akidumu, niletee drili ya pamba, lakini iloweke na kuianika kwanza. Drili isiyofuliwa ukiikata leo, wiki ijayo suruali iko juu ya vifundo.