Mwanangu wa la tano anaumwa tumbo kila siku ya kusoma kwa sauti, nifanyeje?

MamaK_Tabata
Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Ni ndefu kidogo naomba mnivumilie maana nimeshalia vya kutosha. Nina kijana wa miaka 11, yuko la tano ingilishi midiamu moja huku Tabata. Mtoto akili anazo jamani, ukimsimulia kitu leo mwezi ujao anakurudishia chote, feni ya sebuleni iligoma akaifungua mwenyewe ikazunguka, ila mpe kitabu asome ndo utamwonea huruma. Anaruka mistari, b anaisoma d, neno kalisoma hapo juu likija tena chini halijui. Midtem katoka wa 41 kati ya 43, ripoti imeandikwa mvivu.

Sasa tangu Februari kila Jumatatu na Alhamisi alfajiri tumbo linamkata, anatapika, jasho, na basi la shule linapita saa kumi na moja na nusu halimsubiri mtu. Nimempima taifodi, UTI, minyoo, vidonda vya tumbo, hola. Juzi ndo kamwambia dada wa kazi (mimi hajawahi kuniambia, imeniuma sana) kwamba siku hizo mbili wanasoma kwa sauti mbele ya darasa, ukikosea wenzako wanakuzomea halafu fimbo juu. Baba yake anasema namdekeza, wifi anasema maombi. Nimhamishe? Au nimpumzishe kwanza nyumbani?

TichaMbagala
Pole sana mama K. Mimi ni mwalimu wa msingi mwaka wa 14 huu, na hayo unayoeleza nimeyaona kwa watoto wengi nikawachapa kwa sababu sikujua, hilo linanisumbua mpaka leo. Chuoni tulipita juu juu tu, wanaosomea elimu maalumu kwa undani ni wa vyuo kama Patandi kule Arusha, sisi wengine unakutana na mtoto darasani una watoto zaidi ya 100 unaona mzembe.

Mtoto anayeelewa akisikiliza lakini akisoma herufi zinamchanganya inawezekana ana dislekisia. Sio ugonjwa, haina dawa wala sindano, ni ubongo unavyoshughulikia herufi na sauti zake, na huyo akifundishwa sauti moja moja taratibu na kurudia rudia anasoma. Ila mimi siwezi kusema ndiyo kwa kusoma posti, kwanza mpime macho na masikio, usiruke hapo, kuna mmoja wangu kumbe alikuwa haoni ubao tu. Halafu angalia na Kiswahili, kama na chenyewe anahangaika hivyo hivyo basi tatizo sio Kiingereza.

Na hiyo fimbo. Kanuni za viboko shuleni zinasema ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, visizidi 4, anachapa mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, na inaandikwa kwenye kitabu. Kushindwa kusoma sio kosa la nidhamu. Nenda kwa mkuu wa shule na barua, usiende na maneno matupu, wasipokusikia nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri.

Baba_Wawili
Mi naomba nitofautiane kidogo kwa heshima. Sisi tulisoma tumechapwa na tukafika, dunia haitamsubiri huyu kijana, ukianza kumtolea udhuru mapema atauzoea. Mkazie, tuisheni jioni na Jumamosi.

Fundi_Kigogo
Baba Wawili kaka yangu, wewe ulifika, mimi sikufika. Mimi ndo huyo mtoto wa mama K. Nilipelekwa tuisheni mbili kwa siku, ni kusoma kilekile nisichoweza kwa masaa mengi zaidi, nikajifunza kujificha chooni kipindi cha kusoma na kukariri kurasa nzima kwa masikio ili nikiitwa niigize nasoma. Form two nikaacha. Leo nafunga umeme wa nyumba nzima, lakini meseji ya mteja ikiwa ndefu namwomba anipigie. Kilichonimaliza sio herufi, ni kile kicheko cha darasa. Dada mwambie mwanao kwamba sio mjinga, mwambie leo usiku kabla hajalala, mimi hakuna aliyeniambia.

NesiWaWatoto
Niongezee hapo kwenye tumbo. Mama hilo tumbo ni la kweli, haigizi. Mwili ukiona hatari unajiandaa kukimbia, moyo unaenda mbio, tumbo linavurugika, na kwa huyu hatari ni kitabu mbele ya watu 43. Kumpumzisha nyumbani siku hizo nakushauri usifanye, leo atapata nafuu lakini woga unakuwa mkubwa zaidi kesho, akikaa wiki mbili kumrudisha ni vita. Aende, ila shule ipunguze mzigo: asiitwe kusoma mbele ghafla, asome na mwalimu peke yake aya moja, baadaye mbele ya rafiki mmoja, baadaye kikundi, na majibu mengine ajibu kwa mdomo. Wenzetu wa mtihani wa Cambridge wana utaratibu wa kuongeza asilimia 25 ya muda kwa mtoto mwenye vipimo, kwa hiyo sio upendeleo unaomba. Na usingizi jamani, anayeamka saa kumi alfajiri alale saa mbili usiku.

Muhimbili kuna idara ya afya ya akili na watoto wanaonwa, usiogope hilo jina. Maombi endeleeni nayo tu, hayagombani na kliniki.

MamaK_Tabata
Asanteni mno, Fundi umeniliza. Nimemwambia usiku ule ule, akakaa kimya muda mrefu halafu akaniuliza kwa hiyo Alhamisi sitasoma? Macho tumepima jana, yako sawa, masikio ni wiki ijayo. Barua nimepeleka, madamu wa darasa alikuwa mkali mwanzoni ila nilipomwomba amuulize ile hadithi kwa mdomo akaona mwenyewe anaijua yote mpaka majina ya vijiji, akanyamaza, kasema Alhamisi atamsomesha ofisini. Baba yake bado. Ila leo kamwita amshikie tochi wafungue pasi iliyoungua, wako hapo chini wanabishana waya.